Jino imevunjika nusu: mmoja anasema tungoe, mwingine anasema tuweke kuroni. Munisaidie mawazo

Mwalimu_Ndosho
Jambo yenu wote. Niko hapa Goma, kartie Ndosho. Natafuta mawazo ya bantu benye balishapitia hii mambo, na kama kuko munganga ya meno humu ndani naye asipite bila kusema kitu.

Iko hivi. Kuko jino yangu ya nyuma, chini, upande wa kuume. Zamani ilitobokaka vibaya, nikakuwa silale usiku, munganga akatosha mushipa ya ndani akaziba na plombaji kubwa sana. Tangu pale haijaniuma. Sasa juzi niko nakula muhindi ya kuchoma nasikia kitu inalia kaa, kutema ni ukuta muzima ya jino, ile ya upande wa ulimi, umetoka pamoja na kipande ya plombaji. Haiumi hata kidogo lakini inanikata ulimi na chakula yote inaingia mule, nyama njo mubaya zaidi.

Nimeonana na baganga wawili. Wa kwanza aliangalia na kioo tu akasema hii jino ilishakufa, tungoe, ni kazi ya dakika kidogo na bei kila mutu anaiweza. Wa pili akafanya radio, ile ya eksirei, akanionyesha ile picha, akasema mizizi iko muzuri, jino inaweza kuokoka ila plombaji ingine haitashika, inaomba kuroni, ile kifuniko ya kufunika jino yote. Bei yake ni mara nyingi ya kungoa, sitaiweka hapa juu kila kabine iko na yake.

Nauliza: kuroni inadumu kweli? Juu ya nini inaomba makuta (pesa) mingi hivyo? Ni kweli banakata jino yako kwanza mbele ya kuifunika? Na mutu akibaki na pengo tu nyuma kule inakuwa na shida gani? Mi nafundisha, nasema kuanzia asubui mpaka saa nane, kinywa njo jembe yangu.

KatindoBoy
Mwalimu mi nakuambia ukweli, ngoa. Nilingoa mbili za nyuma na nakula kila kitu. Ile pesa ulipe minervali, ile pesa ya masomo ya batoto, jino ya kule nyuma nani anaiona? Sisemi kwa kukuzarau, najua mushahara ya mwalimu hapa kwetu iko namna gani.

Yaya_Furaha
KatindoBoy mudogo wangu naheshimu mawazo yako lakini wewe ungali kijana, ngoja nikuambie ya kwangu.

Mimi nilingolewa jino kama hiyo hiyo ya mwalimu nikiwa na mimba ya mutoto wangu wa kwanza, na yule mutoto leo anamaliza sekondere. Mwanzo nilisema nimepona, hakuna kuuma tena. Kiisha polepole ile jino ya nyuma yake ikaanza kulalia mbele kwenye pengo, na ile ya juu yenye ilikuwa inakutana nayo ikaanza kushuka, kwa sababu jino ikikosa mwenzake wa kugongana naye haibaki pale pale. Leo kati ya hizo meno kuko nafasi zenye mswaki haifike, chakula inalala mule, zote mbili zimeanza kuoza. Natafunia upande moja tu miaka yote hii na huo upande nao unachoka. Nimeuliza kama banaweza kuniwekea jino pale, baniambie nafasi imeshajifunga, kwanza turudishe zile zenye zililala. Implanti, ile jino yenye banapanda ndani ya mfupa, bei yake iko juu sana. Bridji, ile daraja ya kuziba pengo, inaomba bakate meno ya jirani za pande zote mbili.

Kwa hiyo wenye kusema kungoa ni bei ya chini banahesabia ile siku moja. Mwalimu kama yule wa pili alikuonyesha radio na mizizi iko muzuri, pigania ile jino.

Munganga_Meno_Himbi
Mimi ni munganga wa meno, nafanya kazi hapa Goma, sitataja kabine kwa sababu siko hapa kutafuta wagonjwa. Mwalimu, bila kukuangalia kinywani siwezi kukuambia fanya hivi, ila naweza kukuambia vitu vinavyoamua.

Cha kwanza ni kiasi gani cha jino lako mwenyewe kimebaki juu ya fizi. Kuroni inafunika jino lote, juu na pande zote, mpaka karibu na fizi. Ili idumu tunataka kuzunguka jino kubaki kama milimita 2 za jino zima lenye afya, kuroni ikae juu ya hizo, isikae juu ya plombaji peke yake. Hapo inalikumbatia jino kama pete ya chuma inavyokumbatia mpini wa jembe usipasuke. Kama ukuta umevunjikia chini ya fizi mambo yanakuwa magumu zaidi, wakati mwingine tunakata fizi na mfupa kidogo ili tupate zile milimita, wakati mwingine haiwezekani.

Cha pili ni mizizi. Kwenye radio uulize: ile dawa ya ndani imefika mwisho wa mizizi? Kuna kivuli cheusi kwenye ncha? Kivuli kinaweza kumaanisha kuna maambukizi yanayoendelea kimya kimya hata kama hauumwi, na kuweka kuroni juu ya hayo ni kujenga nyumba nzuri ambayo utaibomoa. Inabidi mizizi irudiwe kusafishwa kwanza. Na kama mzizi umepasuka kwa urefu, kuanzia juu kwenda chini, nisikufiche, hakuna kuroni ya kuusaidia, hilo jino tunalingoa.

Wengi wanasema jino likitolewa mshipa linavunjika kwa sababu limekauka. Sababu kubwa ni kwamba limepoteza kuta. Kuoza kulikula sehemu, halafu sisi tukafungua njia juu ili tufikie mishipa, kinachobaki ni kuta nyembamba, na meno ya nyuma ndiyo yanabeba mzigo mkubwa wa kutafuna. Ndiyo maana jino la nyuma lililotolewa mshipa tunapenda lifunikwe mapema, lisikae miaka na plombaji tu. La mbele likibaki zima vizuri linaweza kuishi bila kuroni.

Kudumu: nyingi zinafika miaka 10 mpaka 15, nimeona zilizopita hapo sana na zilizokufa mapema. Inategemea maandalizi, inategemea labo inayoitengeneza, inategemea sana mswaki.

Mwalimu_Ndosho
Aksanti sana dokta, na yaya Furaha pia. Ile radio iko kwa simu yangu nilipiga foto. Dawa imefika karibu na mwisho, kivuli sioni lakini mi sijue kusoma. Nitamuuliza.

Na ile ya kukata jino? Njo yenye inaniogopesha, kukata kitu yenye ilishabaki nusu.

Munganga_Meno_Himbi
Ndiyo tunapunguza, milimita 1 mpaka 2 kuzunguka na juu, kutegemea kuroni itakuwa ya nini. Lazima nafasi ipatikane, bila hivyo jino litakuwa nene na refu kuliko wenzake na hautaweza kufunga kinywa. Ukishapunguza hakuna kurudi, enameli, lile ganda gumu la nje, haioti tena, kwa hiyo swali lako ni zuri. Kwenye jino lako ukuta mwingi umeshaondoka kwa hiyo kilichobaki cha kupunguza ni kidogo. Kwanza tunajenga katikati kwa resini, ile plastiki ngumu ya meno, mara nyingine na kijiti kinachoingia ndani ya mzizi kama hakuna cha kushika, halafu tunapunguza. Sindano ya ganzi utapigwa hata kama jino halina mshipa, kwa sababu fizi iko hai na ndiyo inaguswa.

Protezisti_Bkv
Nawasalimia kutoka Bukavu. Mimi natengeneza meno mu labo, ba mgonjwa habatujue, bo banajua munganga tu. Mwalimu umeuliza juu ya nini makuta mingi, acha nikuelezee na mikono yangu.

Munganga akishapunguza jino anachukua amprenti, ile pasta yenye banakutia kinywani unangoja ikauke. Ananitumia ile. Namwanga plasta mule, napata meno yako yote ya plasta, juu na chini, nayafunga kwa kifaa yenye inafungua na kufunga sawa taya. Pale nachonga jino yako kwa nta, nachonga milima na mabonde yake ikutane muzuri na ya juu. Ile nta naizika ndani ya unga yenye inavumilia moto, nta inayeyuka mu furu inaacha shimo, pa ile shimo namwanga metali. Kiisha navunja, nasugua, napima, nasugua tena. Kama ni seramiki juu ya metali napaka unga ya seramiki tabaka kwa tabaka, rangi ya ndani tofauti na ya juu, na kila tabaka inaingia mu furu kwa moto wa karibu nyuzi 900. Umeme ukikatika katikati ya kupika kazi imekufa naanza upya, kwa hiyo jenereta iko pembeni inangoja na mafuta unanunua wewe mwenyewe. Yote hiyo ni kwa jino moja.

Sasa za kuchagua. Metali tupu, mara mingi nikeli na kromu ao kobalti na kromu: iko nguvu, inaomba kupunguza jino kidogo tu, bei yake njo ya chini, rangi ya feza. Kwa jino ya nyuma kabisa mi naona inatosha na ningejiwekea mwenyewe. Ila mutu mwenye ngozi inamuwashaka na erini za bei kidogo ao kifungo ya suruali ya jinzi aseme mbele, inaweza kuwa mwili yake haipatane na nikeli. Seramiki juu ya metali: rangi ya jino, inapendeza, lakini kipande ya seramiki inaweza kuruka na miaka ikipita fizi ikirudi nyuma kidogo unaona mustari mweusi pale chini. Zirkoni: nyeupe yote, nguvu sana, lakini inakatwa na mashine ya komputa, na kama labo yenye mnatumia haina ile mashine kazi inatumwa mbali, njo bei inapanda. Resini yote ni ya muda tu, siku ya kwanza nzuri sana, kiisha inakulika na kubadilika rangi, mutu akikuuzia resini akikuambia ni ya miaka mingi ukatae.

Na kuko kitu moja inaniumizaka roho. Amprenti zenye zinakuja mupaka wa jino haionekani, kulikuwa mate ao damu, munganga alikuwa na haraka. Mi nitachonga mwisho wapi? Nikikisia, pale pembeni inabaki nafasi ndogo ya unywele, mate na sukari vinaingia mule, jino inaoza chini ya kuroni bila mutu kuona. Mi narudishaka, naomba bachukue ingine. Mgonjwa akiambiwa arudi kwa amprenti ya pili asikasirike, banamtunzia jino.

Yaya_Furaha
Protezisti Mungu akubariki, mi sikujua kama kuko mutu anachonga.

Infimieri_Majengo
Mimi niongeze kitu moja tu kama infimieri. Kila mwenye kwenda pale aulize vyombo vinachemshwa na nini. Maji ya moto mu sufuria haitoshe, na kupanguza na alkoli haitoshe. Inaomba otoklavu, mvuke ya nyuzi 121 kwa dakika 15 ao nyuzi 134 kwa dakika 3, na vyombo vitoke vimefungwa mu mifuko yake na ifunguliwe mbele ya macho yako. Hepatiti B, ugonjwa ya ini, inapita kwa damu na hauioni. Kuuliza si kukosa heshima, mahali pazuri banafurahi ukiuliza.

LshiKamalondo
Mi niko Lubumbashi, Kamalondo. Nasoma nyinyi batu ba Goma na mi niseme yangu.

Kuroni yangu ilitokaka wakati nakula bukari, si bukari njo ilivunja, simanti ilikuwa imezeeka tu. Nikaiosha na maji, nikaitia mu kikopo, nikarudi kwa dantisti, akaangalia jino ya chini haikuoza, akarudishia ile ile kuroni na simanti mupya, iko mpaka leo. Shi kijana mwenzetu wa kazi yake ilitoka naye akatia kole ile ya haraka ya kubandika viatu. Fizi ikaungua, kuroni ikakaa kombo, kufunga kinywa hawezi, na ku kuitosha balivunja jino pamoja. Kwa hiyo yenye inatoka, hifazi, peleka. Na usikawie, jino yenye ilipunguzwa bila kifuniko iko uchi, inavunjika ao zile za jirani zinasogea kuroni haiingii tena.

Munganga_Meno_Himbi
LshiKamalondo umesema yote. Naongeza tu kwamba usilale nayo ikiwa inacheza kinywani, mtu anaweza kuivuta ikaingia kwenye njia ya pumzi.

Mama_Mapacha
Samahani naingilia. Mapacha wangu wako na miaka 6. Mumoja jino zake za nyuma za utoto zimeoza mbili, munganga anataka kuweka kuroni ya chuma. Nikashangaa, jino ya utoto si itatoka yenyewe? Juu ya nini tulipe?

Munganga_Meno_Himbi
Mama Mapacha, meno makubwa ya nyuma ya utoto yanatoka kwenye miaka 10 mpaka 12. Ni miaka mingi ya kula na ya kuumwa darasani. Na yanatunza nafasi ya meno ya ukubwa, yakingolewa mapema yale ya nyuma yanasogea mbele na ya ukubwa yanatoka yamepangana vibaya. Kuroni za watoto zinakuja zimeshatengenezwa, za saizi mbalimbali, hazipiti labo, ndiyo maana bei yake haifanani kabisa na ya mwalimu. Kuna njia inayoitwa kwa jina la munganga mmoja wa Uskoti, Norna Hall: mara nyingi bila sindano na bila mashine, anachagua saizi, anajaza simanti, anaibonyeza juu ya jino, kuoza kunafungiwa ndani kunakosa chakula. Inafaa kama mtoto hana usaha na haumwi usiku. Siku za kwanza ataona kinywa hakifungi vizuri, inajirekebisha. Muulize munganga wako kama ya mwanao inafaa.

Mama_Mapacha
Haumwi usiku, anauma akikula bombo tu. Aksanti dokta, nampeleka.

Baraka_Rusayo
Mi niko na swali yenye inafanana. Nimezaliwa Rusayo, meno yangu za mbele ziko na madoa ya kahawia na nyeupe kama chokaa, tangu utoto. Bengi kwetu tuko hivi. Haziumi, haziozi. Lakini nikicheka naweka mukono. Sasa kuko mutu kwa intaneti anasema Uturuki banaweka kuroni kwa meno yote 20 kwa wiki moja, unarudi na meno nyeupe. Nimeanza kuweka pesa. Munasema nini?

Protezisti_Bkv
Baraka ngoja kwanza.

Munganga_Meno_Himbi
Baraka ndugu yangu, nakuomba usome hii mpaka mwisho.

Madoa yako kwa maelezo yako yanafanana na floridi. Sisi tunaishi chini ya Nyiragongo, mlima wa volkano. Moshi ule unabeba floridi, mvua inaichukua, watu wa Rusayo na vijiji vya pale wanakunywa maji ya mvua kutoka kwenye bati. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Mtoto akinywa zaidi ya hapo miaka ambayo meno yake yanajengwa ndani ya mfupa, enameli inatoka na madoa. Wewe ukishakuwa mkubwa maji hayawezi tena kubadilisha meno yaliyokwisha kutoka, kwa hiyo haiendelei, imesimama pale ilipo.

Meno yako ni mazima. Yana mshipa hai ndani. Ukienda kupunguza meno 20 mazima, unatoa milimita ya jino zuri kila upande, na baadhi ya mishipa itakufa kwa kusumbuliwa hivyo, mwaka huu au baadaye, na utahitaji kutoa mishipa kwenye jino ambalo halikuwa na ugonjwa wowote. Halafu kuroni zina umri. Wewe uko na miaka mingapi? Kama ni 25, utazibadilisha zote ukiwa na 40, tena ukiwa na 55, kila mara jino la chini linapungua. Na siku moja ikiuma usiku yule wa Uturuki hayuko Goma.

Anza na kidogo. Kuna kusugua tabaka ya juu tu kwa dawa maalum, ni sehemu ndogo sana ya milimita. Kuna kung'arisha. Kuna resini inayoingizwa ndani ya madoa meupe. Yakibaki makali kuna kufunika uso wa mbele tu kwa resini, bila kukata au kwa kukata kidogo sana. Mimi huwa naona madoa ya kahawia yanapungua kiasi cha mtu kucheka bila mkono. Kuroni kwa jino zima ni ya mwisho kabisa. Mwalimu anaihitaji kwa sababu jino lake limevunjika, lako halikuvunjika.

Baraka_Rusayo
Niko na 23. Hakuna mwenye aliwahi kuniambia ni maji. Nilifikiri ni juu sikupiga mswaki muzuri mutoto, na mama yangu anajilaumu mpaka leo. Nitamwambia.

Infimieri_Majengo
Mwambie mama hana kosa. Na kama kuko batoto badogo pale nyumbani mutafute maji ya bomba yenye imepimwa ya kunywa na kupikia, kuchemsha haiondoe floridi. Batoto chini ya miaka 3 dawa ya meno kama punje ya muchele tu, kiisha kama punje ya njegere, na bateme.

KatindoBoy
Nimesoma yote. Yaya Furaha umenigusa, kweli ile jino ya juu upande wangu naona imeshuka, nilifikiri ni mimi. Je kuvuka petite barriere, ile mupaka ya Rwanda, kwenda kutengenezea Gisenyi ao Kigali inafaa? Bantu banasema kule kuko kuroni ya siku moja.

Protezisti_Bkv
Ya siku moja iko kweli, si uongo. Banapiga foto ya jino na kamera ndogo mu kinywa, komputa inachora, mashine inakata kipande ya seramiki ukingoja. Ilianza Zurich, Uswisi, mwaka 1985. Lakini mashine inakata yenye ilipigwa foto, munganga akipunguza jino vibaya komputa haimuokoe.

Kuvuka hakuna ubaya. Ila uhesabie kurudi: kuroni mara nyingi inaomba kurekebishwa kidogo siku zenye zinafuata, barriere iko na saa zake, na kila safari ni makuta. Mwenye anaweka ni yule utaweza kumufikia ikikusumbua. Na popote pale uombe devi, ile karatasi ya bei, iandikwe: kuroni ya metali gani, kujenga katikati iko ndani ama pembeni, radio iko ndani ama pembeni, na ikitoka mu mwaka wa kwanza nani analipa. Bantu banashangaaka bei inakua njiani juu hawakuandika.

Mwalimu_Ndosho
Narudi na habari. Nilirudi kwa yule wa pili, nikamuuliza kivuli, nikamuuliza milimita, akacheka akasema wewe umesoma wapi, akanionyesha kila kitu. Upande wa ulimi jino imebaki kidogo lakini iko juu ya fizi. Tukakubaliana kuroni ya metali tupu, na akakubali nilipe mu vipande vitatu, wengi hawajue kwamba unaweza kuomba hivyo, muombe.

Kwa mwenye anaogopa: sindano njo kitu pekee nilisikia. Alitosha plombaji ya zamani yote, chini yake kulikuwa mahali peusi pameanza kuoza, akasafisha mpaka pagumu, akajenga na resini, akapunguza. Makelele ya mashine ni mingi na maji mingi, shingo inachoka kuliko jino. Amprenti alichukua mara mbili, ya kwanza hakuipenda, nikakumbuka Protezisti nikakaa kimya. Akaniwekea kuroni ya muda ya plastiki na simanti laini, akasema upande ule nisile bombo wala chingamu wala nyama ngumu, na nikipitisha uzi kati ya meno niuvute kwa pembeni nisiuinue juu isije ikatoka nayo.

Ya kweli imefika kutoka labo, ameiweka, akanipa karatasi ya rangi niume, mahali pameguswa sana panabaki alama akasugua, tena na tena. Sasa iko ndani. Ila usiku nasikia kama inagusa mbele ya zingine, na asubui taya inachoka upande ule. Ni mazoea ama nirudi?

Munganga_Meno_Himbi
Rudi, usingoje mazoea. Ulikuwa na ganzi siku ile kwa hiyo haukuuma kwa kawaida yako. Iko juu kidogo, atasugua dakika chache. Ukiiacha jino linagongwa kila unapofunga kinywa, linaanza kuuma ukitafuna na taya inapata shida. Na umwambie aangalie kama unasaga meno usiku, kama unasaga atakutengenezea kifaa cha kulalia, vinginevyo utachosha kuroni na zile za juu zinazokutana nayo.

Ambacho hakingoji kesho ni kingine: uso kuvimba, homa, kushindwa kumeza au kufungua kinywa. Hapo ni hospitali, hata usiku.

Mwalimu_Ndosho
Hakuna kuvimba. Nimerudi leo baada ya masomo, alisugua, sasa zinagusana zote pamoja. Nimekula samaki ya sambaza na bugali upande ule.

Yaya_Furaha
Mwalimu nimefurahi sana. Mi nimeanza na zile mbili zenye zinaoza, ya nyuma inaweza kuzibwa tu, ya juu bataangalia radio.

Na kusafisha, kuroni inasafishwa na nini? Kuko mutu aliniambia usipige mswaki sana pale itatoka.

Munganga_Meno_Himbi
Mswaki laini na dawa yenye floridi mara 2 kwa siku, ya usiku ndiyo kubwa, na uinamishe mswaki pale kuroni inapokutana na fizi kwa sababu kuroni yenyewe haiozi lakini jino la chini yake linaoza, na linaanzia kwenye ule mpaka. Uzi kati ya meno kila usiku. Ukikosa huo uzi kuna vijiswaki vidogo vya katikati, vinauzwa farmasi. Simanti haitolewi na mswaki yaya, piga bila woga. Na radio ya juu ikitoka iweke hapa, tuitazame pamoja.